Maji Matamu ya Coomralla

Pale Coomralla, kituo cha mafuta na malazi katikati ya jangwa, mtu anaweza kukuibia bia, anaweza hata kukuibia mume, na jioni mkakaa meza moja mkala. Lakini maji ya tangi la mvua hayaguswi ovyo. Kisima cha pampu kinatoa maji ya chumvi yanayokataa povu la sabuni na kuifanya chai iwe kama dawa ya kuharisha. Hayo ndiyo ya kuogea, ya kufulia na ya chooni, na msafiri anayelalamika huambiwa aendelee na safari yake, barabara ni ndefu pande zote mbili. Maji matamu ni yale yanayoshuka kutoka paa la bati mpaka kwenye tangi nyuma ya jiko, pale mvua inapokumbuka kwamba Australia ina jangwa na jangwani kuna watu. Hayo ni ya kunywa na ya chai, kwa watu sita wanaoishi pale, basi. Hata Wilma, mwenye kituo, huchota jagi lake moja kama wengine.

Glenys alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye mpishi na tangi liko nje ya dirisha lake. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini kasoro, mnene wa mikono, mwepesi wa kucheka. Hakuzaliwa Coomralla; hakuna aliyezaliwa Coomralla. Watu hufika pale gari linapowafia. La kwake lilikufa akiwa na binti mdogo kwenye kiti cha nyuma na mume mbele, na wakati wanangoja kipuri, mume akaomba lifti ya lori kwenda kukifuata na mpaka leo anakifuata. Siku ya tatu Wilma akamtupia aproni. Siku hiyohiyo fundi wa kituo, Errol Tiddy, akamletea kikombe cha chai na kumwambia, "Kunywa taratibu, dada. Hiyo ni mvua ya mwaka jana." Glenys alilia kwenye kile kikombe, akabaki.

Binti, Tamsin, alipelekwa kusoma Adelaide kwa shangazi yake. Akakua huko, akapata kazi ya ofisini, akapata na mchumba, Hamish Pryor, kijana wa watu wanaokula samaki kwa kisu cha samaki. Mwaka ule harusi ilipokaribia, wazazi wa Hamish, Gordon na Rosalind, wakaamua kuja kutoka Perth kwa gari, wavuke jangwa lote, na njiani walale Coomralla wamwone mama wa bibi harusi.

Tamsin akapiga simu.

"Mama, nimewaambia wewe ndiye meneja."

"Meneja wa nini?"

"Wa hoteli. Usinicheke. Wazazi wa Hamish ni watu wa namna fulani."

"Na mimi ni mtu wa namna gani?"

"Mama, tafadhali usianze. Tena Rosalind anaogopa maji ya huko. Kaambiwa yanaharibu nywele."

Mtu mwingine angetukana, akakata simu. Glenys alisimama na mkono wa simu sikioni, akauona ghafla ukuta wa jiko lake ulivyo mweusi kwa mafuta, akaziona kucha zake, akaona haya. Haya ya kijinga, ya kuona haya kwa kuwa hai na kufanya kazi. Lakini haya haiulizi kama ni ya kijinga.

Alipomweleza Wilma, mkono mdomoni, yule bibi alicheka mpaka akashika kaunta. "Umeneja? Chukua, mama, chukua hata wiki nzima! Uchukue na homa ya mahesabu, na wenye malori wanaotaka mikopo. Mimi nitapumzisha miguu." Errol naye akatafuta shati lenye vifungo vyote. Wageni walipofika na gari lao jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi, alikimbia kubeba mabegi yao huku akimwinamishia Glenys kichwa. "Ndiyo, bosi. Chumba namba moja, bosi?" Nyuma ya migongo ya wageni akamkonyeza, na Glenys akang'ata ulimi asicheke. Watu wote wa Coomralla walimsaidia kusema uongo wake. Walimpenda kiasi hicho, na yeye alijua.

Sasa, kulikuwa na bomba la zamani lililotoka kwenye tangi la mvua mpaka chumba namba moja. Marehemu mume wa Wilma alilitandaza zamani mama yake alipokuwa mgonjwa akikaa humo, na bibi alipofariki koki ikafungwa, isifunguliwe tena. Ilikuwa nyuma ya jiko, chini ya majani makavu. Saa chache kabla ya wageni kufika, Glenys aliyafagia majani kwa mguu, akaizungusha ile koki mpaka ikalia. Ni kwa kuoga kwao tu, alijiambia. Rosalind akishaosha nywele, nafunga. Angeomba, pengine wangemkubalia. Errol angekuwa wa kwanza kutoa jagi lake. Lakini kuomba kungekuwa kusema: nawaonea haya, nyinyi na maji yenu. Hilo hakuweza kulitamka, kwa hiyo alilitenda.

Rosalind aliosha nywele. Glenys akiwa anakata viazi alisikia mlio wa maji bombani, mrefu, akavumilia. Kisha akainua macho dirishani, akamwona Gordon Pryor, suruali imekunjwa mpaka magotini, ameshika mpira wa bustani uliokuwa umefungwa kwenye bomba la kibarazani namba moja. Anaosha gari.

Anaosha gari! Alianza na kioo, akaenda kwenye milango, akainama kwenye magurudumu, moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu aliye kwao siku ya mapumziko. Maji ya chai ya watu sita yalikuwa yakichuruzika mekundu, mchanga unayanywa palepale.

"Maji yenu yana nguvu nzuri, meneja!" akamwita kwa furaha.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungetoka na kisu cha viazi mkononi ukapiga kelele, nadhani. Glenys pia aliamini angefanya hivyo. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Jisikie nyumbani, Gordon!" na akainua mkono kumpungia. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao; yeye aliuacha mbachao wake uloane huku anapunga mkono.

Alipomaliza, Gordon aliutupa mpira chini ya kichaka pekee cha Wilma, akaacha utiririke kidogo kidogo, akidhani anamfanyia mtu hisani. Glenys hakuliona hilo. Jioni kulikuwa na nyama ya kondoo, mvinyo, na picha za ukumbi wa harusi. Rosalind alimshika mkono akamwita "mwenzangu". Glenys alicheka, alikunywa, alisahau. Alikumbuka alfajiri, akaruka kitandani, akakimbia na gauni la kulalia. Alifunga koki. Akaligonga tangi kwa kiganja, na tangi likamjibu kwa sauti ya ngoma tupu. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimuumiza kuliko yote: alichukua reki, akaurudisha mchanga mkavu juu ya ule uliolowa, akausawazisha vizuri, akayarudisha na majani yale makavu juu ya koki.

Kuligonga tangi ilikuwa kazi ya Errol. Kila asubuhi hulipiga kwa vifundo vya vidole, juu, katikati, chini, halafu huingia jikoni na kutangaza mahali maji yalipo, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa wa familia. Asubuhi hiyo aliingia, akavua kofia, akakaa.

"Limekauka," akasema.

"Nini?" Wilma akauliza, kikombe hewani.

"Tangi. Halina kitu. Nilichota jana jioni, Wilma. Ni mimi niliyechota mwisho." Akaitazama mikono yake. "Sikumbuki kufunga."

"Leo umekuta bomba limefungwa?"

"Nadhani. Au nimelifunga mimi sasa hivi. Sijui. Sikumbuki."

Hakuna mtu duniani anayekumbuka kufunga bomba alilolifunga mara elfu; mkono hufunga, kichwa kiko kwingine. Lakini mama yake Errol alianza kusahau akiwa na umri kama ule wake, sitini na tatu, akaanza na vitu vidogo, akamalizia kwa kumsahau mwanawe. Errol alikuwa akiungoja ugonjwa huo miaka yote. Sasa alidhani umebisha hodi.

Glenys alikuwa amesimama kwenye jiko na mwiko mkononi. Alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, liko mbele ya meno. Ndipo mlango ukasukumwa, Rosalind akaingia na nywele zake laini zinazong'aa, akasema, "Habari za asubuhi, meneja wetu!" na Glenys akasema nzuri, karibuni, mayai mnayapenda vipi.

Wageni waliondoka na gari safi. Wakiagana, Rosalind alimnong'oneza, "Walitutisha bure kuhusu maji ya huku. Mbona laini hivi!" Alimbusu mashavu yote mawili. Glenys alisimama barabarani mpaka gari likawa doa, si kwa mapenzi, ila kwa sababu hakutaka kugeuka na kuwatazama wenzake.

Lori la maji liliagizwa kutoka mbali, na lori la maji huja linapotaka. Wakanywa chai ya chumvi. Hakuna aliyemkaripia Errol. Wilma alitia sukari kijiko kimoja zaidi, akasema ni nzuri kwa viungo. Darko, dereva wa lori la matela matatu anayepita kila wiki na kula kwa mkopo na utani, alionja akatema. "Errol! Umetia nini humu, soksi zako?" Kisha akauona uso wa Errol, akamaliza kikombe chote.

Mtu akishaamini kichwa chake kinamtoroka, atakiona kinatoroka kila mahali. Errol alianza kurudi kukagua alichokwisha kukagua. Alizima jenereta aliyotakiwa kuiacha ikiwaka. Alisahau jina la mbwa wa Wilma, jambo ambalo sisi wote hulifanya, akakaa chini kwenye ngazi, rangi imemtoka. Wiki haikuisha akampelekea Wilma funguo za jenereta na za pampu za mafuta. "Mahali kama hapa," akasema, "mtu asiyeaminika na bomba haaminiki na moto." Wilma alikataa kuzipokea. Errol akaziweka mezani, akatoka.

Na Glenys? Glenys alimpikia. Alimtengenezea pai ya nyama kwa ukoko anaoupenda, akamchagulia vipande vya mnofu, akamshonea vifungo. Ah, tunaijua dawa hiyo, ya kumpaka mtu mafuta kwenye kidonda ulichomkata wewe, ukangoja akushukuru. Kila asubuhi alijiambia atasema leo. Lakini jambo la aibu ni kama unga uliomwagika: siku ya kwanza unafagia, siku ya pili umekanyagwa nyumba nzima. Angesema asubuhi ile, angekuwa mwanamke aliyemwaga maji. Sasa angekuwa mwanamke aliyemwaga maji, akamtazama mwenzake akizama.

Mchana mmoja Errol aliingia jikoni wakati hakuna wateja, akafunga mlango.

"Nimempigia dada yangu, yule wa Port Pirie," akasema. "Atanichukua. Kuna nyumba karibu yake ya kutunza watu… watu kama mimi."

"Errol, wewe huna kitu. Ni uzee tu, sote tunasahau."

"Usinifariji, Glenys. Mama alinitazama siku moja akaniuliza kama nimekuja kurekebisha paa. Nikasema ndiyo, mama. Nikapanda juu ya paa, nikakaa huko mpaka jioni, nikilia kama mtoto." Na hapo akaanza kulia, mtu mzima, mabega yanatikisika katikati ya masufuria. "Sitaki kukutazama wewe hivyo. Ni wewe tu hapa usiyenitazama kama mgonjwa."

Glenys alitoa kitambaa mfukoni mwa aproni, akampa afute uso. Akamshika bega. Baada ya Errol kutoka alijitazama kwenye kioo cha oveni akajichukia, akajiita kwa jina ambalo sitaliandika, na hata hivyo hakusema.

Siku ya kuondoka ilikuwa siku ya Darko kupita. Errol angepanda lori lake. Lori la maji lilikuwa limekuja juzi yake, kwa hiyo chai ilikuwa chai tena, na kila mtu alijitahidi kutoisifu. Pale Coomralla anayeondoka moja kwa moja hugongomea kofia yake kwenye boriti ya baa. Zimo nyingi humo juu, nyingine za watu waliokufa. Mtu hagongomei kofia akiwa na nia ya kurudi.

Errol alivuta kiti, akatoa misumari mfukoni. "Glenys, nishikie kiti hiki. Nisije nikasahau kwamba nimepanda." Watu wakacheka kwa adabu, kicheko cha msibani.

Glenys alishika kiti. Errol akapanda, akaiweka kofia yake kuukuu kwenye mbao, akauweka msumari. Alipoinua nyundo, Glenys aliona kuwa mkono wake hautetemeki hata kidogo. Ulikuwa mkono wa mtu mzima wa akili, fundi, unaolenga msumari mdogo, na yeye Glenys ndiye anayeuondoa pale.

"Errol, shuka."

"Subiri, nimalize."

"Shuka, nimesema! Ni mimi. Maji nilimwaga mimi."

Nyundo ikabaki hewani.

Akasema yote, akiwa ameking'ang'ania kile kiti: ile koki chini ya majani, nywele za Rosalind, gari, mkono alioupunga, reki. Sauti ilikuwa inamtoka kavu. Wilma aliketi polepole. Darko akaitazama bia yake kana kwamba imeandikwa kitu.

Errol alishuka. "Rudia," akasema. "Lile la koki."

Akarudia.

"Kwa hiyo nilifunga bomba? Jioni ile, nilifunga?"

"Ulifunga, Errol. Wewe hukukosea kitu."

Ndipo Errol Tiddy akacheka. Alicheka akapiga meza, akamkumbatia Wilma, akamkumbatia Darko, akamkumbatia hata Glenys, akamnyanyua kutoka sakafuni na unene wake wote. "Sina kitu! Mnasikia? Kichwa kizima! Asante, Glenys, asante sana, Mungu akubariki!" Machozi yalimtiririka. Na Glenys, ndani ya ile mikono, alitamani Errol ampige. Kofi angejua mahali pa kuliweka. Shukrani hiyo hakuwa na pa kuiweka.

Kisha kicheko kikapungua. Errol alimweka chini. Akawa anafikiri, kila mtu aliona anafikiri, na kichwa chake kizima kinafanya kazi yake vizuri.

"Ile siku jikoni," akasema. "Nilipokueleza habari za mama. Ulikuwa unajua?"

Angeweza kudanganya. Yeyote angetamani adanganye.

"Nilikuwa najua."

"Ukanipa kitambaa."

"Nilikupa."

Errol akatikisa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeonyeshwa chombo kilichovunjika na kuona hakitengenezeki. Hakupaza sauti. "Maji ningekusamehe," akasema. "Maji hata mbingu huyarudisha." Akamgeukia Wilma, akanyoosha mkono, naye akampa funguo zake. Akatoka kwenda kuiangalia jenereta.

Hakuna aliyemwambia Glenys aondoke, wala hakuna aliyemwambia abaki. Nje malori mawili yalikuwa yanaingia, breki zinapumua, madereva wana njaa. Glenys akaingia jikoni akawasha moto. Baada ya muda Wilma aliinamia dirisha la kupitishia chakula na kusema, "Mayai na soseji, sahani mbili," kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kumtaja jina.